Jasusi Huingia kwa Flashi

Septemba 2023, kampuni ya usalama wa mitandao ya Ufaransa iitwayo Sekoia ilitoa dola 7 za Marekani, fedha isiyofika shilingi 20,000 za Tanzania, ikajipatia anwani moja ya intaneti iliyokuwa imetelekezwa na wenyewe. Anwani hiyo ilikuwa kituo cha kuongozea aina mojawapo ya PlugX, programu ya kijasusi inayojipandikiza kwenye kompyuta za Windows. Kila kompyuta iliyoambukizwa ilikuwa na kazi ya kuipigia hodi na kuuliza ifanye nini. Wakubwa wa kazi walikuwa wameshaondoka, lakini kompyuta hazikuambiwa. Watafiti walipowasha mitambo yao, hodi zikamiminika kutoka anwani kati ya 90,000 na 100,000 kila siku, na ndani ya miezi sita jumla yake ikakaribia milioni 2.5, kutoka nchi zipatazo 170.

Anwani moja ya intaneti si lazima iwe kompyuta moja, na watafiti wenyewe walilieleza hilo. Jambo lililowashtua ni jingine. Programu hiyo haikuwa na mtu wa kuiendesha, ilikuwa yatima kabisa, na bado ilizidi kuzaana. Iliwezekana kwa sababu haikuhitaji intaneti ili kuenea. Ilihitaji flashi, na mtu wa kuibeba.

Septemba hiyohiyo watafiti wa Mandiant, kampuni ya Kimarekani iliyo chini ya Google, walieleza habari za Sogu, programu ya ukoo huohuo wa PlugX, inayotumiwa na kundi la wajasusi linalohusishwa na China. Walikuwa wameikuta ndani ya mashirika yasiyopungua 29, mengi yakiwa na makao makuu Ulaya na Marekani. Walipofuatilia nyayo zake ziliwarudisha Afrika, kwenye matawi ya mashirika hayo: Misri, Zimbabwe, Kenya, Ghana, Madagascar na Tanzania. Walitaja pia aina ya mahali ambapo flashi huambukizwa. Hawakutaja ofisi za serikali wala vyumba vya siri. Walitaja maduka ya kuchapishia nyaraka na intaneti kafe, yaani kompyuta zinazotumiwa na kila anayepita.

Kwa lugha ya mtaani Tanzania, hiyo ni steshenari. Na hapo ndipo habari ya Paris na Washington inapoingia Ipuli.

Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji ambao tangu karne ya 19 umekuwa mahali pa njia kukutana. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, Unyanyembe ya wakati huo, ikapumzika, ikagawanyika: wengine wakaelekea magharibi hadi Ujiji, wengine wakashika kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba shanga, nguo na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Mizigo hiyo haikusafiri peke yake. Ndui na kipindupindu vilifuata njia zilezile, kambi kwa kambi, na daktari Mskoti James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kinachofuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri Afrika Mashariki kwa miguu ya wafanyabiashara na wapagazi. Alichora njia ya ugonjwa kwa kuuliza msafara upi ulipita wapi na lini. Watafiti wa Sogu, karne moja na nusu baadaye, walifanya kazi ya namna hiyohiyo, ila wao walifuatilia flashi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umepita. Lakini mkongo kupita mjini ni jambo moja, na nyumba kuwa na intaneti ya kudumu ni jambo lingine. Katika nyumba nyingi za Ipuli zenye kompyuta, intaneti ni bando la simu linalowashwa kwa kuhesabu dakika. Laptopu ni ya mtumba. Windows yake ilipigwa na fundi. Printa hakuna. Kwa hiyo kazi inayoandikwa usiku nyumbani husafiri asubuhi ndani ya flashi hadi steshenari, na jioni flashi inarudi nyumbani.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu programu za kijasusi umeandikwa kwa ajili ya maisha tofauti na hayo. Unamwambia msomaji ajihadhari na barua pepe za ajabu na tovuti za hovyo, kana kwamba adui lazima aje kwa waya. Ni ushauri wa kweli, lakini haumgusi mwalimu anayetunga mtihani wa nusu muhula sebuleni, wala katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku anayepanga orodha ya malipo ya wanachama, wala kijana anayekusanya cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita na nakala ya kitambulisho cha mzazi ili aombe mkopo wa elimu ya juu. Hawa milango yao iliyo wazi ni miwili: flashi na fundi.

Flashi kwanza.

Mtu aliyewahi kutumia kompyuta za kuchangia anakijua kisa hiki hata kama hajui jina lake. Anachomeka flashi, anakuta mafolda yake yote yametoweka, na mahali pake kuna alama moja yenye kishale kidogo pembeni, yenye jina la flashi ileile. Anaibofya. Mafolda yanafunguka, kila kitu kipo, anashukuru Mungu na kuendelea na kazi. Katika bofyo lile moja ameendesha programu mbili: moja imemfungulia folda lake ili asishtuke, nyingine imeingia kwenye kompyuta na kukaa.

Ndani yake mambo yamepangwa kwa ustadi. Faili halisi za mwenye flashi zimehamishiwa kwenye folda lililofichwa, ambalo kwa aina fulani za PlugX halina jina linaloonekana, kwa kuwa jina lake ni nafasi tupu ya aina ya pekee. Humo mna vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni programu halali kabisa, mara nyingine sehemu ya antivairasi ya kampuni inayojulikana, ambayo Windows inaiamini. Cha pili ni faili dogo la maktaba lililopewa jina ambalo programu ile halali hulitafuta kila inapowashwa. Cha tatu ni jasusi mwenyewe, akiwa amefungwa kwa maandishi ya siri ili asitambulike. Programu halali inawashwa, inavuta maktaba bandia, na maktaba inamfungua jasusi moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mlinzi anayekagua majina tu anamwona mtu mwaminifu akipita.

Akishaingia, Sogu anatafuta nyaraka za Word, Excel, PowerPoint na PDF. Anazinakili, anazifungia, na anazipeleka kwa wakubwa wake intaneti ikipatikana. Anaweza kupiga picha ya kioo na kurekodi kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi. Na kila flashi mpya inayochomekwa kwenye kompyuta hiyo inapata nakala yake. Kwa steshenari inayopokea wateja kuanzia asubuhi hadi usiku, kompyuta moja yenye ugonjwa inatosha kuufikisha kwenye nyumba nyingi za mtaa kwa siku moja.

Je, wajasusi wa dola kubwa wana haja gani na mtihani wa hisabati wa darasa la sita? Hawana. Programu hizi zilitumwa kutafuta mashirika, balozi na kampuni, na nyumba za watu wa kawaida zimekumbwa njiani. Hiyo isimfariji mtu. Kompyuta iliyofunguliwa na mmoja imefunguliwa kwa wote wanaojua pa kugonga, na anwani ile iliyonunuliwa kwa dola 7 ni ushahidi tosha. Ingenunuliwa na mwizi badala ya watafiti, mwizi huyo angekuwa amerithi maelfu ya kompyuta ambazo hakutoa jasho kuziingia.

Dawa ya flashi inaanza na kuitumia kidogo. Hati ya kuchapishwa inaweza kutumwa steshenari kwa barua pepe au WhatsApp, kutoka simu ya mteja kwenda simu au anwani ya duka, bila mteja kufungua akaunti yake kwenye kompyuta ya pale. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Desturi iliyoenea sasa ni mteja kuunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya steshenari, kuchapisha kurasa zake mbili, kulipa na kuondoka huku WhatsApp ikibaki wazi. Kuanzia hapo anayekaa kwenye kiti kile anaweza kusoma mazungumzo yake ya nyumbani, na hakuna programu ya kijasusi iliyohitajika. Kwenye simu, ndani ya mipangilio ya WhatsApp, kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Inafaa kila mtu aifungue leo, aone kama kuna kompyuta asiyoitambua, na aiondoe. Barua pepe nayo ina orodha kama hiyo ya vifaa, na ni ya kukaguliwa vilevile.

Flashi ikilazimika kwenda, iwe ya safari tu: ndogo, ya bei ya chini, yenye hati ile moja ya kuchapishwa na si kitu kingine. Picha za harusi, vyeti vya watoto na hesabu za chama vibaki nyumbani. Ikirudi, isichomekwe kwenye laptopu kama ilivyo. Simu nyingi za Android zinasoma flashi kwa kutumia kiunganishi kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, na programu za Windows haziwezi kujiendesha ndani ya Android. Kwenye kioo cha simu, alama ile ya kishale inaonekana ilivyo: faili lenye jina linaloishia na lnk, na pengine jirani yake kuna jingine linaloishia na exe ambalo mwenye flashi hakuliweka. Flashi ya aina hiyo inafutwa yote, yaani inafomatiwa, kabla ya kugusa laptopu.

Kwenye Windows yenyewe kuna mpangilio mmoja unaopaswa kubadilishwa siku laptopu inaponunuliwa: iambiwe ionyeshe miisho ya majina ya faili na faili zilizofichwa. Windows huficha miisho hiyo, na hapo ndipo programu inayoitwa barua.pdf.exe inapojionyesha kama barua.pdf. Ni uamuzi wa Microsoft uliodumu kwa miongo, na umewasaidia wadanganyifu zaidi ya ulivyowasaidia watumiaji.

Sasa fundi.

Mafundi wa kompyuta wa Tabora, kama wenzao wa Mwanza na Kariakoo, wanafanya kazi ambayo bila wao laptopu za mtumba zingekuwa makopo. Wanabadilisha betri, wanatafuta kibodi, wanafufua diski. Lawama hapa hazimhusu fundi kama mtu, zinahusu kifaa kimoja kilichomo ndani ya flashi yake: programu ya kukraki. Mteja analeta laptopu, anataka ipigwe Windows na Office, na hana fedha za leseni. Fundi anapiga Windows, kisha anaendesha programu ndogo inayoidanganya iamini kuwa imelipiwa. Iliyo maarufu zaidi duniani inaitwa KMSPico. Hatua ya kwanza ya kuitumia ni ileile kila mahali: zima antivairasi.

Desemba 2021 kampuni ya Kimarekani ya Red Canary ilieleza ilichokuta ndani ya visakinishi vya KMSPico vinavyosambazwa mtandaoni. Baadhi vilifanya kazi iliyoahidiwa na kufungua Windows vizuri tu, lakini pia viliacha ndani CryptBot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, taarifa za kadi na pochi za sarafu za kidijitali. Mteja anafurahi kwa kuwa kompyuta inafanya kazi. Fundi naye huenda hajui lolote, kwa kuwa alipewa faili hilo na fundi mwenzake, na huyo na mwingine.

Aina hii ya programu ndiyo hatari ya kila siku kwa nyumba ya kawaida. Haibagui wala haina subira: inaingia, inakomba ndani ya dakika chache, inapeleka, na mara nyingine inajifuta. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo ilitambua zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa na mojawapo tu, iitwayo Lumma. Kwa kushirikiana na vyombo vya dola ilinyang'anya anwani za tovuti zipatazo 2,300 zilizoiendesha. Kinachoibwa huuzwa kwa mafungu sokoni, na mnunuzi hajali kama nywila ni ya mtu wa Tabora au Toronto. Anajali kama inafungua akaunti.

Wengi hudhani kuwa na nywila ngumu kunatosha. Lumma na wenzake hawakisii nywila, wanaichukua mahali ilipohifadhiwa. Wanachukua pia vidakuzi, yaani vile vipande vya taarifa vinavyokifanya kivinjari kikumbuke kuwa mtu ameshaingia kwenye akaunti yake. Mwizi mwenye kidakuzi kilicho hai anaweza kuingia kwenye barua pepe bila kuulizwa nywila wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu. Ndiyo maana aliyeibiwa kwa njia hii hapaswi kuishia kwenye kubadilisha nywila. Anapaswa kutafuta, ndani ya akaunti, amri ya kutoka kwenye vifaa vyote kwa pamoja, kisha abadilishe nywila, na afanye hayo kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi.

Antivairasi ya bure ipo ndani ya Windows yenyewe. Microsoft Defender huja na kila Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kwa nyumba ya kawaida, ikiwa imewashwa na kusasishwa, inatosha. Shida ya Ipuli ni hilo neno kusasishwa. Masasisho yanakula bando, na watu wengi huyazima ili kunusuru megabaiti. Yapo masasisho makubwa ya mfumo, na yapo madogo ya kila siku yanayoifundisha antivairasi nyuso za wezi wapya. Haya madogo yasizimwe kamwe. Yale makubwa yanaweza kusubiri bando la usiku au siku ya kupita mahali penye Wi-Fi ya kuaminika, lakini yasivuke mwezi.

Kuna laptopu ambazo hata masasisho hayatazisaidia. Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, ambayo ndiyo imejaa kwenye laptopu za mtumba, ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zenye prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel hazipokelewi rasmi na Windows 11. Mwenye kompyuta hiyo asikubali kuuziwa Windows 11 ya kulazimishwa kwa kukraki. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo ya bure, halali, inayoendeshwa vizuri na mashine za zamani, na ina programu ya ofisi inayofungua hati za Word na Excel. Flashi yenye Sogu ikichomekwa humo haina la kufanya. Mifumo hiyo inahitaji siku chache tu za kuzoea. Mafundi wangeweza kuifanya kazi ya kuisakinisha kuwa huduma ya kulipwa kama nyingine yoyote, na inasikitisha kuona ni wachache wanaoipendekeza.

Kompyuta ya mtu binafsi imewahi pia kuwa shabaha yenyewe, si mpita njia. Afrika Mashariki ina mfano wenye jina la Kiswahili. Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London lilichapisha nyaraka na maelezo ya operesheni ambayo jeshi na polisi wa Uganda walidaiwa kuiendesha baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano yaliyofuata, kwa kutumia programu ya kijasusi FinFisher. Jina lake la siri lilikuwa Fungua Macho. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, Wi-Fi za bandia ziliwekwa kwenye hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka ili wageni wajiunge nazo na kuambukizwa. Serikali ya Uganda ilikanusha.

Mfano wa pili unaumiza zaidi kwa sababu ulitokea ndani ya familia. Mmarekani mwenye asili ya Ethiopia, anayejulikana mahakamani kwa jina la kubuni la Kidane, alikuwa akiishi Maryland. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2012 hadi Machi 2013, kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na FinSpy, sehemu ya FinFisher ileile, iliyoingia kupitia hati ya Word iliyoambatishwa kwenye barua pepe. Programu ilirekodi mazungumzo yake ya Skype, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya familia, ilinasa pia mambo ya wanafamilia wengine ambao hawakuhusika na siasa yoyote. Maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilipochapisha ripoti iliyofichua mitambo inayoongoza FinSpy nchini Ethiopia, siku chache baadaye jasusi alijaribu kujifuta. Kidane aliishtaki serikali ya Ethiopia mwaka 2014. Tarehe 14 Machi 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa kesi yake, si kwa kusema hakupelelezwa, bali kwa kinga ya dola za kigeni mbele ya mahakama za Marekani. Kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza programu hiyo ilifilisika na kufungwa mwaka 2022.

Ni mara chache familia ya Ipuli itaandamwa kwa kiwango hicho. Funzo linalowahusu wote ni lile la kompyuta ya familia. Mashine moja ikitumiwa na baba, mama, watoto na binamu aliyekuja likizo, kosa la mmoja linawafikia wote. Windows inaruhusu kila mtu awe na akaunti yake, na akaunti hizo zinaweza kunyimwa mamlaka ya kusakinisha programu. Ile yenye mamlaka, ambayo mafundi huiita adimini, ibaki na nywila inayojulikana na mtu mzima mmoja, na hata yeye asiitumie kwa kazi za kila siku. Mtoto akishusha mchezo wenye jasusi ndani yake, Windows itamwomba nywila ambayo hana, na jasusi anayehitaji mamlaka hayo ataishia hapo. Kazi hii haichukui nusu saa, haili bando, na hailipiwi.

Sheria nayo ipo nchini Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini na kunasa mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Steshenari yenye kompyuta iliyojaa nakala za vitambulisho vya taifa vya NIDA, vyeti na fomu za mikopo, zilizoachwa na wateja tangu mwaka juzi, inashika taarifa binafsi za mtaa mzima. Mteja ana haki ya kuomba faili lake lifutwe mbele ya macho yake baada ya kuchapisha, na mwenye duka makini angelifanya hilo bila kuombwa. Tanzania ilikuwa pia kati ya nchi 19 za Afrika zilizoshiriki Operesheni Serengeti ya Interpol mwezi Septemba na Oktoba 2024, ambapo watu 1,006 walikamatwa kwa makosa ya mtandaoni. Lakini polisi hufika baada ya wizi.

Kwa anayeshuku kuwa ameshaingiliwa, dalili si za kutegemewa. Kompyuta nzito inaweza kuwa na diski iliyochoka tu, na yenye jasusi mzuri inaweza kuwa nyepesi kama mpya. Dalili zenye uzito ni chache: antivairasi iliyozimika na inakataa kuwaka, taarifa za kuingia kwenye akaunti kutoka mji usioujua, mafolda ya flashi yanayogeuka vishale kila inapochomekwa. Ikitokea, zima intaneti kwanza. Badilisha nywila kwa simu au kompyuta nyingine, ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungulia zote. Kisha tumia Defender kwa ule ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka, ambapo jasusi hana nafasi ya kujificha nyuma ya programu inayoaminiwa. Akigoma kutoka, hifadhi hati na picha pekee, usihifadhi programu yoyote, kisha mwombe fundi afute diski yote na kupiga Windows iliyoshushwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe.

Na hapa ndipo wengi hukosea: wanasahau flashi. Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuwa FBI, kwa kushirikiana na Ufaransa na Sekoia, ilikuwa imeifuta PlugX kwenye kompyuta 4,258 nchini humo, kwa kutumia amri ya kujifuta iliyomo ndani ya programu yenyewe. Sekoia ilikuwa imeshaonya kuhusu udhaifu wa amri hiyo: inasafisha kompyuta, haisafishi flashi. Ile iliyokuwa kwenye droo siku ya usafi inabaki na ugonjwa wake, na ikichomekwa wiki ijayo kazi yote inarudi mwanzo. Hivyo usafi wa nyumba nzima ufanywe siku moja: flashi zote, kadi za kamera na diski za nje zikusanywe mezani, hati zinazotakiwa zitolewe kupitia simu au kompyuta yenye Linux, kila kimoja kifomatiwe, na hati zirudishwe, kabla mtu hajachomeka chochote kwenye laptopu iliyosafishwa.